Thaimu: asili yake, namna ya kuipanda na namna ya kuitumia

Wanajukwaa, salaam.

Nimeufungua uzi huu kwa ajili ya thaimu, mmea mdogo wa viungo ambao siku hizi haukosekani katika vitalu vya miche vya Nairobi, Arusha na Dar es Salaam. Wengi huununua kwa hamu na wengi huupoteza ndani ya miezi michache, na kwa maoni yangu sababu ya hasara hiyo karibu kila mara ni ileile: tunautunza kama sukuma wiki. Tunaupa samadi nyingi, tunaumwagilia asubuhi na jioni, tunauweka kivulini ili jua lisiuunguze, hadi siku moja majani ya chini yanakuwa meusi na shina linalegea. Ninalima viungo Lushoto, ambako mvua ni nyingi na udongo una tindikali, na nimejiridhisha kwamba mtu anayeelewa mmea huu ulikotoka hatahitaji kukariri kanuni nyingi za kuutunza.

Thaimu ya jikoni, ambayo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina la Thymus vulgaris mwaka 1753, ni ya familia moja na mnanaa, mrehani na rozimari. Kwao ni vilima vya chokaa vya magharibi mwa Mediterania, kuanzia Hispania na kusini mwa Ufaransa hadi Italia. Huko majira ya joto hupita bila mvua ya maana, udongo ni mwembamba juu ya mwamba, na kondoo na mbuzi wamekuwa wakilisha tangu zamani za kale. Ukichukua jani lake na kulitazama kwa makini utaona kwamba ni dogo, karibu kama punje ya mchele, kingo zake zimejikunja kuelekea chini, na upande wa chini una vinyweleo vinavyopunguza upotevu wa maji. Juu ya jani kuna vifuko vidogo mno vilivyojaa mafuta ya kunukia. Mafuta hayo, ambayo sisi tunayatafuta kwa ajili ya mchuzi, kwa mmea wenyewe ni ulinzi dhidi ya wanyama walao majani na dhidi ya vimelea. Mmea unaolishwa na kunyweshwa kupita kiasi hurefuka haraka, majani yake huwa laini na harufu yake hufifia.

Wagiriki wa kale waliujua mmea huu vizuri. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kwamba wafugaji nyuki walikuwa wakiyatazama maua ya thaimu ili kukisia mavuno ya asali, kwa kuwa ikichanua vizuri asali huwa nyingi, na mvua ikinyesha wakati huo maua huharibika. Aliandika pia kwamba mbegu zake hazionekani kwa urahisi kwa sababu zimechanganyika na ua, hivyo watu walipanda ua lenyewe na miche ikaota. Yeyote aliyewahi kuzishika mbegu hizi kiganjani atakubaliana naye. Asali ya mlima Hymettus, karibu na Athens, ilisifiwa kote katika ulimwengu wa kale, ingawa thaimu ya mlima ule wataalamu wa leo huihesabu katika jenasi jirani (kundi jingine la spishi zenye undugu) na kuiita Thymbra capitata. Mshairi wa Kirumi Virgil naye aliwashauri wafuga nyuki waitoe thaimu milimani na kuipanda kuizunguka mizinga.

Sehemu ya historia inayonigusa zaidi ni ile ya maabara na hospitali. Mwaka 1719 mfamasia wa Kijerumani, Caspar Neumann, alipata fuwele kutoka katika mafuta ya thaimu, na mwaka 1853 Mfaransa Alexandre Lallemand aliipa dutu hiyo jina la thaimoli. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Italia, Camillo Bozzolo, aliitumia kutibu safura, yaani minyoo ya utumbo inayonyonya damu, wakati ambapo minyoo hiyo ilikuwa ikiwamaliza wafanyakazi waliochimba njia ya reli chini ya mlima Gotthard, Uswisi. Tume iliyofadhiliwa na tajiri Rockefeller na kuanzishwa mwaka 1909 kupambana na safura kusini mwa Marekani nayo iliwapa wagonjwa thaimoli pamoja na chumvi ya kuharisha. Wagonjwa walikatazwa mafuta na pombe katika kipindi cha tiba, kwa sababu vitu hivyo huifanya thaimoli ifyonzwe mwilini na kuwa sumu. Naomba jambo hili likumbukwe, kwani nitalirudia nitakapozungumzia mafuta ya thaimu yanayouzwa kwenye vichupa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, thaimoli nyingi haikutoka kwenye thaimu yenyewe. Ilitengenezwa Ujerumani kutokana na ajwani iliyoagizwa kutoka India, yaani zile mbegu ndogo zinazopatikana katika maduka ya viungo ya Wahindi hata hapa kwetu. Ponda chache kati ya vidole na utaisikia harufu ya thaimu waziwazi.

Afrika Mashariki nayo ina thaimu yake ya asili, nayo ipo Ethiopia. Spishi mbili, Thymus schimperi na Thymus serrulatus, huota zenyewe katika nyanda za juu kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, katika miteremko ya mawe na malisho ya wazi, na Waethiopia huziita tosign. Majani yake makavu huuzwa masokoni, hunywewa kama chai, na huungwa katika mchanganyiko wa pilipili wa berbere na katika unga wa shiro. Kwa kuwa nyingi huvunwa porini, na mara nyingine mmea hung'olewa na mizizi yake, ninaamini kilimo chake kinastahili kutiliwa mkazo kabla haijaadimika karibu na vijiji.

Sasa nije kwenye upandaji.

Unaweza kuanza kwa mbegu au kwa vipandikizi, nami napendekeza vipandikizi. Sababu yangu si uharaka peke yake. Thaimu zilizotokana na mbegu hazifanani harufu, na jambo hili limechunguzwa kwa miongo kadhaa katika bonde la Saint-Martin-de-Londres, kaskazini mwa Montpellier, Ufaransa. Watafiti walikuta humo aina sita za thaimu zinazofanana kabisa kwa sura lakini zikitofautiana kwa kemikali kuu ya mafuta yake. Zenye thaimoli na kavakroli, ambazo ndizo kali, zilikaa kwenye miteremko mikavu yenye joto, na zile laini, kama zenye linaloli au geranioli, zilikaa chini bondeni ambako hewa baridi hutuama wakati wa kipupwe na kuziua zile kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1970, kadiri baridi kali zilivyopungua, aina kali zimeanza kuingia maeneo ambayo zamani hazikuweza kuishi. Kwa mkulima mdogo maana yake ni hii: pita kitaluni, sugua jani la kila mche, chagua ule unaokupendeza pua, kisha uzidishe huo kwa vipandikizi, maana kipandikizi hurithi harufu ya mama yake bila mabadiliko.

Kata vikonyo vichanga visivyo na maua, vyenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, ondoa majani ya nusu ya chini, kisha uvichomeke kwenye mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na mboji kidogo. Viweke mahali penye mwanga usio wa jua kali na uhakikishe mchanga una unyevu bila kutota. Mizizi hutokea baada ya wiki 3 hadi 6. Njia rahisi zaidi kwa mwenye mche mkubwa ni kuinamisha tawi hadi ardhini, kuliwekea jiwe au udongo katikati, na kulikata litakapokuwa limeota mizizi yake. Ukilazimika kutumia mbegu, zitawanye juu ya udongo laini bila kuzifukia, kwa kuwa zinahitaji mwanga, nazo huota baada ya wiki 2 hadi 4 katika joto la nyuzi 15 hadi 21. Gramu moja ina maelfu ya mbegu, kwa hiyo usinunue nyingi.

Shambani, jua la saa 6 au zaidi kwa siku ni la lazima, na njia ya maji kutoka ni ya lazima zaidi. Mahali penye mvua nyingi inueni matuta hadi sentimita 25 au 30, changanyeni changarawe au mchanga wa chembe kubwa, na kama udongo una tindikali wekeni chokaa ya kilimo baada ya kuupima, mkilenga pH kati ya 6 na 8. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche huruhusu hewa kupita. Samadi iliyooza vizuri itiwe kidogo wakati wa kupanda tu. Mwagilia mara kwa mara katika wiki za mwanzo hadi mche ushike, na baada ya hapo subiri udongo ukauke kwanza, hata ndani unapouchimba kwa kidole. Matandazo ya nyasi mbichi yasigusane na shina, kwani huleta uozo. Changarawe ni matandazo bora zaidi kwa thaimu kwa sababu hukauka upesi na kurudisha joto la jua kwenye majani ya chini.

Palizi inahitaji subira, hasa mwaka wa kwanza, kwa sababu miche ni mifupi na magugu huifunika haraka.

Uvunaji ufanyike asubuhi baada ya umande kukauka, na ikiwezekana maua yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Kata sehemu ya juu yenye majani, ukiacha majani mabichi chini ya mkato. Ukikata hadi kwenye mti mkavu, tawi hilo mara nyingi halichipui tena. Kukata kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa hufanya kichaka kiwe kizito. Baada ya miaka 3 au 4 shina hugeuka kuwa mti na majani kupungua, na huo ndio wakati wa kuwa na vipandikizi vipya tayari. Kausha kivulini penye upepo, na kama unatumia kikaushio usizidishe nyuzi 40, kwa kuwa mafuta ya kunukia hupotea na hewa ya moto. Kisha pukuchua majani, uyaweke katika chombo kinachoziba vizuri, mbali na mwanga.

Jikoni thaimu ina sifa moja inayoitofautisha na giligilani: inastahimili moto wa muda mrefu. Giligilani hutupiwa mwishoni, lakini thaimu huwekwa mwanzoni pamoja na vitunguu kwenye mafuta, kwa sababu kemikali zake za harufu huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Wafaransa hufunga vikonyo vyake kwa uzi pamoja na majani mengine na kuvitumbukiza kwenye mchuzi unaochemka polepole. Wanigeria huiweka kwenye wali wa jolofu. Wajamaika huipika na wali, maharage na tui la nazi, chakula ambacho mtu wa Tanga au Lamu akikionja atakitambua kama jamaa yake wa mbali. Ijaribuni kwenye maharage ya nazi, kwenye supu ya mbuzi na kwenye viazi vya kuoka. Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu hutosha badala ya kijiko kimoja cha chakula cha majani mabichi.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa darasa. Sisi wa pwani tufanyeje? Joto lipo, jua lipo, lakini thaimu yangu hudumu hadi masika na haivuki. Na tena jirani yangu ana mmea anaouita thaimu wenye majani manene yenye manyoya, unaostawi bila kushughulikiwa. Je, huo nao ni thaimu?

Mleta uzi

Dada yangu, kinachoiua thaimu yako ni unyevu, kwa kuwa hewa ya pwani wakati wa masika haikauki, na majani yaliyosongamana hushika ukungu. Una faida moja ambayo mimi sina, nayo ni ardhi ya matumbawe, yenye chokaa kama ile ya vilima vya kwao thaimu. Chukua chungu cha udongo wa mfinyanzi chenye tundu kubwa chini, weka vipande vya matumbawe au kokoto, jaza mchanga wa chembe kubwa na mboji kidogo, kisha panda masika yanapokwisha ili mche upate miezi ya kusi, ambayo ina mvua chache kuliko masika na ina upepo. Masika yajayo ukisogeze chungu chini ya paa la baraza penye jua la pembeni, na upunguze matawi ya katikati ili hewa ipite.

Mmea wa jirani yako, kwa maelezo yako, ni Coleus amboinicus. Ni ndugu katika familia ya mnanaa lakini si thaimu. Kiasili ni mmea wa kusini na mashariki mwa Afrika, ndiyo maana hausumbuki na hali ya hewa ya kwenu, na mafuta yake huwa na kavakroli au thaimoli, kwa hiyo harufu yake inakaribia. Jani lake lina maji mengi na ladha nzito, hivyo tumia kidogo. Kwa mtu wa pwani anayetaka ladha ya namna hii bila taabu, ningemshauri awe na mimea yote miwili.

Mchangiaji, Kirinyaga

Mkuu, nina robo ekari na maji ya mfereji. Nimeambiwa thaimu ina soko Ulaya. Nipande?

Mleta uzi

Tafuta mnunuzi kabla ya kutafuta miche. Kenya husafirisha viungo vibichi kwa ndege kwenda Ulaya, thaimu ikiwamo, lakini mnunuzi wa huko anataka kupozwa mara baada ya kuvuna, kumbukumbu za dawa zilizotumika, mabaki ya viuatilifu yasiyozidi viwango vya Umoja wa Ulaya, na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea. Mkulima mmoja wa robo ekari hawezi kubeba gharama hizo peke yake, ila anaweza akiwa ndani ya kikundi chenye mkataba na kampuni inayosafirisha. Thaimu kavu haihitaji ndege wala baridi, lakini hapo utakutana na bidhaa za Morocco, Misri na Poland zinazouzwa kwa wingi mkubwa, na pia ukumbuke kwamba kilo 3 za majani mabichi hubaki kilo 1 hivi zikikauka, kabla hujaondoa vikonyo. Soko ambalo wengi hulipuuza ni la hoteli na migahawa ya mijini, na wauzaji wa miche. Maji ya mfereji yatakufaa katika miezi ya mwanzo. Baada ya hapo yasielekezwe kwenye matuta hayo kila yanapopatikana.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nimesikia chai ya thaimu inaponya kikohozi, na kuna mafuta yake yanauzwa, ambayo mtu anashauriwa kudondosha matone kwenye maji na kunywa. Naomba ukweli.

Mleta uzi

Mama, nitakueleza kwa uangalifu kwa sababu swali lako linahusu watoto. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya linaitambua thaimu kama dawa ya jadi ya kikohozi chenye makohozi kinachoambatana na mafua. Utambuzi huo umejengwa juu ya matumizi ya muda mrefu, na haimaanishi kwamba uponyaji umethibitishwa. Kuna jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 361 wa mkamba, ambalo liliona kikohozi kikipungua haraka zaidi kwa waliopewa dawa ya maji ya thaimu kuliko kwa waliopewa dawa isiyo na kitu. Dawa hiyo ilichanganywa na majani ya mmea mwingine, kwa hiyo si haki kuipa thaimu sifa zote.

Kwa mtu mzima na kijana aliyezidi miaka 12, gramu 1 hadi 2 za majani makavu katika mililita 150 za maji yanayochemka, yaliyofunikwa kwa dakika chache ili mvuke usitoroke na mafuta, mara 3 au 4 kwa siku, ni kipimo kinachokubalika. Kwa watoto wadogo usipime mwenyewe, muulize mfamasia au daktari. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, hata ikiwa ndani ya chai. Na homa, kupumua kwa shida au makohozi yenye usaha ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi kikizidi wiki moja, aonwe na mhudumu wa afya, na kikifika wiki mbili lazima apimwe kifua kikuu.

Mafuta ya kichupa yasinywewe. Kumbuka nilivyoeleza kuhusu wagonjwa wa safura: thaimoli ile ilitolewa na madaktari, kwa kipimo na kwa masharti, na bado iliogopwa kiasi cha kuwakataza wagonjwa mafuta na pombe. Tone la mafuta hayo limekusanya nguvu ya majani mengi mno, huunguza koo na tumbo, na kwa mtoto hatari yake ni kubwa zaidi. Kichupa kikiwepo nyumbani kikae mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Mchangiaji, Goma

Kaka, mimi naishi Goma. Kiwanja changu ni mawe ya lava tupu, na udongo nimeuleta kwa toroli. Je, niondoe mawe yote kabla ya kupanda?

Mleta uzi

Usiyaondoe. Kiwanja chako kina kile ambacho sisi wa Lushoto tunakitengeneza kwa jembe na changarawe, kwa sababu maji ya mvua hupita katikati ya lava bila kutuama. Chimbua mashimo ya kina cha sentimita 20 kati ya mawe, jaza mchanganyiko wa udongo ulioleta na vipande vidogo vya lava kwa kiasi kinacholingana, panda mche mmoja katika kila shimo, na uzungushie vijiwe shina. Chagua upande unaopata jua la asubuhi hadi alasiri, kwa kuwa mawingu ya kwenu ni mengi na kila saa ya jua ina thamani. Kasoro ya lava ni kwamba haishiki maji ya kutosha kwa mche mdogo, kwa hiyo katika wiki 6 za mwanzo mwagilia kidogo kila siku isiyo na mvua, kisha punguza hadi uache. Mara mbili kwa mwaka, baada ya kupunguza matawi, weka kiganja kimoja cha mboji kwenye kila shimo, na hicho kitatosha.